Tangazo la Tatu la Chipu ya Sikio

Pale kampuni ya Fito, Mbeya, chipu haiendi kiwandani mpaka itangazwe kama ndoa. Ndiyo, kama ndoa ya kanisani: inasomwa mbele ya watu Ijumaa tatu mfululizo, na kila mara msomaji anamaliza kwa kuuliza kama yupo mwenye pingamizi. Wageni wakija Mbeya wakaona jambo hilo hucheka mpaka machozi yanawatoka. Wacheke. Walikuwa wapi ule mwaka pampu za maji za nyanda za juu zote zilipozima kwa pamoja, kwa kosa lililokuwa ndani ya chipu moja? Mafundi kadhaa walikuwa wameliona kosa lile, na kila mmoja akadhani mwenzake atasema. Watu wakanywa maji ya madimbwi, na watu wakafa. Ndipo ikaja sheria: chipu itangazwe hadharani pale ilipochorwa, na yeyote aliyetia mkono wake ndani yake ana haki ya kuipinga.

Mzee Gwakisa Mwambene, aliyeianzisha Fito na ambaye pia ni mzee wa kanisa, akaona utaratibu huo anaujua tangu utoto. Akaazima maneno ya mchungaji. Wafanyakazi nao wakaongeza yao: chipu wakaiita bi harusi, kiwanda wakakiita ukweni, na tangazo la tatu likawa sherehe yenye kwaya, pilau na vigelegele. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kutoa pingamizi. Nani atapinga kitu huku pilau inanukia, jamani?

Basi Jumanne, siku chache kabla ya tangazo la tatu la chipu ya sikio, mhakiki mkuu, Tusekile Mwaipopo, akakuta kitu ambacho hakukipenda.

Tuelewane kwanza. Fito haitengenezi chipu. Fito inatengeneza Fundi, programu inayochora chipu. Unaiambia unataka chipu ifanye nini, nayo inapanga mabilioni ya swichi ndogondogo na nyaya zake, kazi ambayo binadamu asingeimaliza hata angepewa umri wa Methusela. Kazi ya Tusekile ilikuwa kuihoji chipu iliyochorwa, kuiuliza hili na lile, na kuona kama majibu yake yananyooka. Na mama yule alikuwa mdadisi, si mchezo. Wenzake walimtania kwamba angeolewa na polisi wangeelewana sana.

Bi harusi wa safari hii alikuwa wa kutiwa nyuma ya sikio, azungumze moja kwa moja na ubongo. Alikusudiwa watoto waliozaliwa bila mishipa ya kusikia, wale ambao vifaa vya zamani haviwafai kitu. Waliomwagiza ni kampuni inayoitwa Sikiza. Na mtoto wa kwanza aliyepangiwa upasuaji alikuwa Lusungu, bintiye Tusekile, mwenye miaka minne.

Chipu ile ilikuwa na vichujio viwili vya kelele. Cha kwanza kilieleweka: kinapunguza mvua ya kwenye bati, jenereta, honi. Cha pili kilikuwa na kumbukumbu kubwa ya kuhifadhi alama za sauti za watu, maelfu kwa maelfu, na kilikuwa na mlango wa kuandikwa kutoka nje, kwa mawimbi, bila mwenye sikio kujua. Tusekile akajiuliza swali la kawaida kabisa. Kelele haina jina wala mwenyewe. Sasa kichujio cha kelele kinataka alama za sauti za watu za nini?

Akaiandika sauti yake mwenyewe kwenye ile kumbukumbu. Kisha akamwambia Fundi aigize chipu kana kwamba imeshatengenezwa, akavaa hedifoni, akasoma kwa sauti menyu ya kantini. Akasikia mvua juu ya paa. Akasikia jirani yake anakohoa. Yeye mwenyewe hakujisikia, na wala hapakuwa na pengo mahali alipotakiwa kuwapo. Chipu ilikuwa imeziba tundu lake kwa sauti za chumba, vizuri kabisa, ungesema siku hiyo hakuja kazini. Tusekile akavua hedifoni, akaogopa.

Akapanda ngazi kwenda kwa mkurugenzi, Mzee Gwakisa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Mbona umekunja uso, mvua imekuharibia nywele?"

"Kichujio cha pili, Mzee. Unakijua?"

Mzee Gwakisa akavua miwani, akaanza kuifuta wakati haikuwa na vumbi. Tusekile akajua kwamba anakijua.

"Ni cha usalama," alisema. "Watoto watasikia mengi huko mitaani. Matusi, wachochezi, watu wasiofaa. Sikiza wanataka wazazi waweze kuzuia."

"Wazazi gani? Mlango ule haumuulizi mzazi. Ufunguo wanao Sikiza peke yao. Wakitaka wanamfuta mtu yeyote kwenye masikio ya watoto hawa. Mwalimu. Mgombea. Mama mzazi."

"Hawatafanya hivyo."

"Kama hawatafanya, mlango wa nini?"

 Mzee akavaa miwani, akamtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomuudhi Tusekile kuliko yote.

"Tuse, mwanangu. Kiwanda kimetupa zamu mwezi ujao. Tukiipoteza hatupati nyingine mpaka miaka miwili ipite. Na kichujio hicho Fundi amekisuka katikati ya kila kitu. Ni kama ufito wa ndani ya ukuta, ukiung'oa unaondoka na udongo wote. Itabidi kuchora upya, kupima upya, kuomba vibali upya. Lusungu atakuwa na miaka sita. Daktari alikwambiaje kuhusu miaka sita?"

Tusekile hakuhitaji kukumbushwa. Daktari alisema ubongo ambao haujaonja sauti kufikia umri huo hujifunza kwa taabu sana, na wengine hawajifunzi kabisa.

"Funika kombe mwanaharamu apite," Mzee Gwakisa alisema taratibu. "Fanya kwa ajili ya mtoto."

Tusekile akanyanyuka akatoka, mlango akauacha wazi, bila hata kuaga. Hajawahi kumfanyia Mzee hivyo tangu aajiriwe.

*

Nyumbani Uyole alimkuta mumewe, Ambokile, kwenye kinanda. Ambokile alikuwa mwalimu wa kwaya, na sauti yake ilijulikana Mbeya nzima. Hata walevi walimpisha njia kwa heshima. Alikuwa anatunga wimbo. Alikuwa na nyimbo za watoto rundo zima alizozitunga tangu Lusungu azaliwe, na hajawahi kuziimba kwa mtu. Alisema zina mwenyewe, zinamsubiri. Lusungu mwenyewe alikuwa amekaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye kinanda apate kutetemeshwa.

"Baba Lusungu, naomba unisikilize mpaka mwisho," Tusekile alisema.

Akamweleza yote. Ambokile alisikiliza vidole vikiwa juu ya kinanda bila kubonyeza.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Basi na mimi nikwambie. Mgonjwa haulizwi uji. Mtoto apate masikio kwanza! Hayo ya mlango tutapambana nayo akiwa anasikia. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Utapambanaje na kitu usichokiona? Leo Lusungu hasikii, na anajua kwamba hasikii. Akiona mdomo unachezacheza anakuja kuvuta nguo, anauliza wamesema nini. Siku watakayokufuta wewe hataivuta nguo ya mtu. Atajua umenyamaza tu. Atakua akiamini kwamba baba yake hakuwahi kumwimbia."

Ambokile akacheka, kicheko kikavu. "Nani atahangaika kunifuta mimi? Mimi ni nani? Mwalimu wa kwaya!"

"Jana ulikuwa unagomba kwenye mkutano wa kijiji kuhusu mashamba ya chai. Kesho je?"

"Mama Lusungu."  Macho yake yalikuwa mekundu. "Miaka minne nimesubiri aniite. Hata 'ba' tu. Unataka nisubiri mpaka lini? Toa pingamizi lako kama umeamua, lakini usinitegemee nisimame upande wako."

Akarudi kwenye kinanda akabonyeza kwa nguvu, na Lusungu akageuka kuwatazama. "Mnagombana?" aliuliza kwa mikono.

"Ndiyo," mama yake alijibu kwa mikono. Katika nyumba ile mtoto hakudanganywa. "Tunakupenda wote, na tunagombana."

*

Ijumaa ikafika. Ukumbi wa Fito ukajaa mafundi na wake zao na waume zao na watoto wao, na harufu ya pilau ikapita katikati yao ikiwasalimia mmoja mmoja. Mbele kabisa alikaa Dokta Leticia Rwegoshora wa Sikiza, mama mpole, mwenye maneno laini, amevaa suti ya rangi ya maziwa. Alikuwa amempakata Lusungu kwa muda, akampa peremende. Tusekile aliliona hilo, akatazama pembeni.

Kwa desturi, bi harusi huonyeshwa kabla ya kutangazwa. Kwaya ya Ambokile iliingia kwenye chumba cha majaribio, kile chenye kuta nene ambacho sauti haitoki wala haiingii, mlango ukafungwa. Wageni wakagawiwa hedifoni zilizounganishwa na Fundi, wapate kusikia kama watakavyosikia watoto. Kwaya ikaimba.

Loo, iliimba! Kila neno lilisikika. Mama mmoja alipiga kigelegele huku analia. Dokta Leticia alitoa leso. Mzee Gwakisa, ambaye ameimba besi kanisani tangu ujana wake, alifumba macho akawa anatikisa kichwa. Wimbo ulipokwisha, watu walipiga makofi mpaka vijiko vikaruka mezani. Ndipo Mzee akasimama na karatasi yake.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho natangaza safari ya chipu ya sikio, iliyochorwa nyumba hii. Kama yupo aliyetia mkono wake humu na ana pingamizi, aseme sasa, au anyamaze moja kwa moja."

"Ninalo," alisema Tusekile.

Mtu mmoja nyuma alicheka, akidhani ni utani. Alipoona hakuna mwingine anayecheka akanyamaza.

"Pingamizi linaonyeshwa, Tusekile," alisema Mzee, uso umemshuka. "Sheria unaijua. Linaonyeshwa hapa hapa, watu walione."

"Nimeshalionyesha. Mzee, wewe unazijua kwaya. Umesikia sauti ngapi pale?"

"Zote. Soprano safi, alto safi, besi imetulia. Nzuri sana."

"Na sauti ya tatu, teno?"

Mzee akahesabu kwa vidole, akakwama. Akageuka kutazama watu, na watu wakawa wanatazamana. Mwingine akasema labda leo sauti ya tatu hawakuja. Tusekile akaenda akafungua mlango wa chumba cha majaribio. Wanakwaya wakatoka, na mbele yao Ambokile, jasho linamtiririka, uso unang'aa.

"Vipi, tumesikika?" aliuliza.

 Mzee Gwakisa ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo: "Kumbe na wewe uliimba, mwalimu?"

"Niliimba? Sauti ya tatu leo nilikuwa nayo peke yangu, wenzangu wana mafua! Mzee, mbona unanitania?"

Tusekile akampa hedifoni, akarudisha wimbo mwanzo. Ambokile akasikiliza. Midomo yake ikaanza kuifuata sehemu yake, akiitafuta, mstari wa kwanza, wa pili, mpaka kiitikio. Tabasamu likaondoka polepole. Akavua hedifoni akazishika kwa mikono miwili.

"Niko wapi?" aliuliza.

"Nimekutoa," mkewe alisema.  "Kwa simu hii, nikiwa nimesimama pale kwenye masufuria ya pilau. Hukuambiwa. Hakuna aliyeambiwa. Na hakuna hata mmoja aliyekukosa, wala mzee wa kanisa, wala mimi ninayelala na wewe kitanda kimoja, maana nilijua na bado sikusikia pengo. Ndugu zangu, hicho ndicho tunachotaka kukitia vichwani mwa watoto."

Ukumbi ukachafuka. Huyu anauliza hivi, yule anapayuka vile. Dokta Leticia alisubiri wanyamaze, hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Umetumia ufunguo wa majaribio, wa wahakiki," alisema. "Hiyo ni hila."

"Ndiyo, Dokta. Na nyie mtatumia wa kweli."

"Mama, mwanao ni kiziwi." Alisema kwa upole, na upole ule ulikata. "Nilikuja na masikio yake. Siku akiwa mkubwa akuulize nani alimnyima, utamjibu nini?"

Hapo Tusekile aliumia. Nisiseme uongo, aliumia mpaka akashika kiti. Kila alichokuwa anakiogopa tangu Jumanne kilikuwa kimetamkwa mbele ya watu na mwanamke mwenye leso mkononi. Akamtazama Dokta machoni.

"Nitamjibu ni mimi. Nitamtajia na jina la ukoo asije akakosea. Atanichukia, na haki anayo. Lakini atakuwa amenichukia kwa maneno yangu yote, hakuna mtu aliyekaa katikati yetu akachagua lipi lipite. Wewe Dokta niletee masikio yasiyo na mlango, nitakupigia magoti hapa hapa, watu wote wakiona, na sitaona haya. Haya ya leo chukua uondoke nayo!"

Mzee Gwakisa akaweka karatasi chini. "Tusekile, nakuuliza kwa mujibu wa sheria. Ukisema ndiyo, zamu ya kiwanda imekwenda. Unalishikilia pingamizi lako?"

Macho yote yakamgeukia Ambokile. Ambokile alikuwa bado amezikumbatia zile hedifoni.

"Msinitazame mimi," alisema. "Mama Lusungu, umenifuta mbele ya watu. Hilo sitalisahau mpaka naingia kaburini." Akamgeukia Mzee. "Mzee, muulize tena. Muulize kwa nguvu, na yeye ajibu kwa nguvu, wasije wakasema hawakusikia."

"Nalishikilia!" alisema Tusekile, na sauti ikagonga ukuta wa nyuma.

Fundi mmoja wa nyaya akasimama akasema na yeye analishikilia. Akasimama dada wa upande wa kumbukumbu. Akasimama mwingine. Wengine walibaki wamekaa, wanachezea vijiko, na baadhi yao walikuwa wamekiona kichujio kile zamani sana kabla ya Tusekile. Mzee Gwakisa aliwatazama waliosimama, kisha waliokaa, akaichana ile karatasi mara moja tu, akatoka kwa mlango wa nyuma. Dokta Leticia alikunja leso yake akaitia mkobani. Hakuaga.

Katika zogo lile hakuna aliyemkumbuka Lusungu. Yeye alikuwa amesimama katikati ya miguu ya watu, anatazama midomo, huyu, yule, huyu. Akaenda akavuta gauni la mama yake.

"Wanasema nini wote?"

Tusekile angeweza kumwambia watazungumza nyumbani. Badala yake alikaa sakafuni, macho yake yakawa sawa na ya mtoto.

"Wanazungumza habari ya masikio yako," alisema kwa mikono. "Mama ameyakataa."

"Kwa nini?"

"Yalikuwa na mtu ndani. Mtu wa kukuchagulia umsikie nani na usimsikie nani."

Lusungu akafikiri. Alifikiri kwa uso wote, kama wafanyavyo watoto. Kisha vidole vyake vidogo vikasema, haraka, kwa hasira:

"Yalikuwa yangu. Mbona hukuniuliza?"

Tusekile akainua mikono ajibu, mikono ikabaki hewani. Alikuwa amemjibu mkurugenzi, amemjibu daktari wa Sikiza, amemjibu mumewe.  Alipoanza hatimaye kusema samahani, Lusungu alimtazama mara moja, akakunja mikono kifuani, akafumba macho. Aliyafumba kwa nguvu, mpaka pua ikakunjamana. Asingeambiwa neno lolote na mtu yeyote mpaka atake mwenyewe.

Ambokile alikuja akakaa upande wa pili, akanyoosha mkono amguse mtoto begani afumbue macho.

"Mwache," alisema Tusekile.

Akaja dada wa utawala, anaona aibu, hajui aanzie wapi. "Dada Tuse, samahani. Mzee anakuita ofisini. Amesema uje na kitambulisho chako cha mlangoni."

"Mwambie nitakuja. Sasa hivi niko na mwanangu, tunazungumza."

Dada yule akamtazama mtoto aliyefumba macho, akamtazama mama aliyenyamaza, akaenda zake. Tusekile akavua viatu, akakunja miguu pale sakafuni, akasubiri.